Ile taa ya njano haikuwekwa kwa ajili yako

Wandugu, leo naomba tuzungumze habari ya ile taa ya njano kwenye dashibodi, yenye kijichoro cha injini. Kama unaendesha gari Dar, Nairobi au Kampala, basi ama inawaka kwako, ama inawaka kwa yule anayekupa lifti asubuhi. Nimeshapanda gari ambalo mwenyewe ameiziba kwa plasta ya kidonda. Nimeshaambiwa pia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba "haya magari ya Japani ndivyo yalivyo". Na wapo wanaochomoa balbu yenyewe siku gari linapokwenda kuuzwa. (Kumkamata muuzaji wa namna hiyo ni rahisi. Washa swichi bila kupiga stata. Taa za dashibodi zitawaka, na hiyo lazima iwemo, halafu izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, jua kuna mkono wa mtu.)

Tunaichukulia taa ile kama huduma ambayo kiwanda kilimwekea dereva, ajue gari lake linaumwa. Ukifuatilia historia yake, lakini, hukuti mhandisi mwenye huruma aliyekaa akamfikiria dereva. Unakuta moshi, mananasi, wanasiasa na ugomvi wa miaka mingi juu ya nani ana haki ya kujua gari linaumwa nini. Taa ile ni shushushu. Iliwekwa ndani ya gari kwa amri ya serikali, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kulichongea gari, si kukusaidia wewe.

Tuanze na wakati ambao shushushu hakuwepo. Wazee wetu waliokuwa na Volkswagen "kobe", Peugeot 404 na Land Rover hawakuwa na taa ya namna hiyo. Walikuwa na taa ya oili, ya chaji, labda na geji ya joto la maji, basi. Magari hayo hayo ndiyo yaliyokuwa yakikimbizwa kwenye East African Safari, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye matope ya Pasaka. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404. Ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na ya 1967 alishinda Bert Shankland, mtu wa Dar es Salaam. Msituni usiku hakukuwa na mashine ya kupimia. Gari likianza kukohoa, kilichokuwepo ni sikio, pua, macho na tochi.

Na msidharau elimu ile. Mzee mmoja pale Shauri Moyo, Ilala, ambaye ameshika spana tangu enzi za Mwalimu, alinifanyia darasa nilipokwenda kumuuliza habari hizi. Alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha kwenye injini iliyokuwa inanguruma, mpini akauweka sikioni. "Sikiliza, mwanangu," akaniambia, "hapa ni valvu, hapa ni feni belti inalia, hapa chini ndipo pangenoki kama pangenoki." Kweli, kwenye ule mpini sauti zinatengana kama watu wanaozungumza vyumba tofauti. Akanieleza moshi: wa bluu, injini inakunywa oili, ringi zimekwisha, mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto, maji yanaingia kwenye silinda, angalia gasketi, mweusi, mafuta yanamwagwa kuliko hewa. Akanieleza plagi: ikitoka na rangi ya kahawia kavu injini ina afya, ikitoka nyeusi ya masizi au imelowa oili, hapo kuna kesi. Gari likimisi, unachomoa nyaya za plagi moja moja. Ukichomoa waya na muungurumo usibadilike, silinda hiyo ndiyo iliyokufa, maana hata ilipokuwa na moto haikuwa ikifanya kazi.

Hiyo ni sayansi kamili. Una dalili, una dhana, una jaribio la kuthibitisha. Udhaifu wake ni mmoja: sikio halisikii gesi. Injini inaweza kunguruma vizuri kama mashine ya cherehani na huku inatema sumu. Na hilo ndilo lililoleta serikali ndani ya gari.

Tarehe 26 Julai 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, mji wa Los Angeles uliamka umefunikwa na wingu la moshi lililochoma macho na koo. Wapo waliodhani Wajapani wamewashambulia kwa gesi. Baadaye lawama zikakiangukia kiwanda kimoja cha malighafi ya mpira bandia. Kikafungwa, moshi ukabaki pale pale. Zikalaumiwa taka zilizokuwa zinachomwa nyuma ya nyumba, zikalaumiwa kampuni za mafuta. Gari, kipenzi cha mji ule, halikuguswa.

Aliyeligusa ni mkemia Mholanzi, Arie Haagen-Smit, wa chuo cha Caltech pale Pasadena. Kazi yake ilikuwa harufu na ladha za mimea, na alikuwa akichunguza kinacholipa nanasi harufu yake. Vifaa vile vile vya kunasa harufu ya nanasi akavitumia kunasa hewa ya Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaonyesha kwamba mvuke wa petroli usioungua na gesi za naitrojeni zinazotoka kwenye sailensa, zikipigwa na jua, zinapikika kuwa ozoni na ile sumu inayochoma macho. Kampuni za mafuta zikalipia watafiti wengine kumpinga. Hakurudi kwenye mananasi. California ilipounda bodi yake ya hewa, California Air Resources Board, mwaka 1967, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza.

Tukimbie kidogo hapa. Mwaka 1970 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya hewa safi iliyotaka sumu ya magari mapya ipunguzwe kwa asilimia 90. Viwanda vikalia kwamba haiwezekani, vikapewa muda zaidi. Lakini kuanzia modeli za mwaka 1975 magari mengi ya Marekani yakaanza kutoka na kile ambacho mafundi wetu wanakiita masega: chombo kilicho kwenye bomba la moshi, chenye vitundu vingi kama sega la nyuki, kilichopakwa madini ya platinamu na ndugu zake, ambacho hubadili sumu kuwa gesi zisizodhuru kiasi hicho.

Masega yana masharti mawili, na masharti hayo ndiyo yaliyozaa taa yetu. La kwanza, hayataki risasi. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi ili injini isinoki, na risasi inayaziba masega mpaka yanakufa. La pili ni gumu zaidi. Masega bora, yanayosafisha sumu tatu kwa mpigo, yanataka mchanganyiko kamili: takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Ukizidisha petroli au hewa, kazi inaharibika. Kabureta haiwezi kushika kipimo hicho wakati wote, mlimani na bondeni, asubuhi ya baridi na mchana wa joto. Anatakiwa mtu wa kuonja moshi na kurekebisha mara nyingi kwa sekunde. Mtu huyo akawa sensa ya oksijeni ya kampuni ya Bosch, iliyoanza kwenye Volvo mwaka 1976 kwa soko la Marekani, pamoja na kompyuta ya kuisikiliza. Ndiyo kisa cha kile kiboksi ambacho mafundi wanakiita "kontroli boksi".

Sasa kompyuta ikishakuwepo, na sensa zikishakuwepo, likaja swali: sensa ikifa nani atajua? Gari litaendelea kutembea. Mwaka 1981 General Motors wakaweka taa ya "check engine" kwenye magari yao ya Marekani, pamoja na namba za siri ambazo fundi angezisoma kwa kuhesabu mikonyezo. California ikaona isiachie hiari ya kampuni. Kuanzia modeli za mwaka 1988 kila gari jipya linalouzwa jimboni humo likatakiwa kujichunguza lenyewe na kuwasha taa likigundua mitambo yake ya kuzuia sumu imeharibika. Shushushu akapewa ajira rasmi.

Nimezoea kwenye kazi yangu ya uandishi kuuliza: taarifa hii ni ya nani? Kwenye miaka ile ya 1980 jibu lilikuwa baya. Kila kampuni ilikuwa na tundu lake la kuchomekea mashine, namba zake, na mashine yake ambayo haikusoma gari la jirani. Fundi wa mtaani aliyekuwa na sikio la miaka 30 akajikuta hajui kusoma. Gari likiwasha taa, njia ilikuwa kulirudisha kwa wakala wa kampuni na kulipa bei ya wakala. Kama mambo yangeachwa vile, taa ile ingekuwa mnyororo wa kumfunga mwenye gari kwa aliyemuuzia.

Kilichoukata mnyororo huo ni sheria. Marekebisho ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1990 yalitaka magari ya nchi nzima yawe na mfumo huo wa kujichunguza, yalitaka tundu na namba ziwe za aina moja, na yalitaka makampuni yawape mafundi wote taarifa za kutengeneza, si mawakala wao tu. Ndiyo OBD-II, iliyokuwa lazima kwa magari madogo yote mapya ya Marekani kuanzia modeli za mwaka 1996: tundu la pini 16 lililo karibu na miguu ya dereva, na namba ambazo hazibadiliki. P0301 ni silinda namba moja inamisi, iwe Ford, iwe Toyota. Ulaya wakafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, na 2004 kwa dizeli. Taa nayo ikapangiwa lugha. Ikiwaka bila kukonyeza, kuna hitilafu, tafuta fundi. Ikikonyeza huku unaendesha, silinda inamisi kiasi cha kumwaga petroli mbichi kwenye masega na kuyaunguza. Ondoa mguu kwenye mafuta, simama mahali salama, usiendelee na safari mpaka fundi aangalie.

Turudi nyumbani. Tanzania ilipolegeza kamba mwaka 1984 na kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na hasa miaka ya 1990 ilipofika, mitumba ya Japani ikaanza kumwagika bandarini. Kule Japani ukaguzi wa lazima, wa kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, unamfanya mwenye gari aone heri aliuze. Sisi tukapokea. Tulipokea magari yaliyotengenezwa kwa hewa safi ya Tokyo, yenye masega, sensa na kompyuta, tukayanywesha petroli ya risasi. Maana huku risasi haikuondoka mpaka Januari 2006, baada ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kukubaliana Dakar mwaka 2001. (Nchi ya mwisho duniani kuacha ilikuwa Algeria, Julai 2021.) Kwa hiyo gari likifika na masega mazima, tuliyapa sumu sisi wenyewe kwenye kituo cha mafuta, na sensa ya oksijeni ikafa nayo. Taa ikawaka. Hapo ndipo ulipozaliwa ule usemi kwamba magari ya Japani ndivyo yalivyo.

Halafu kulikuwa na tatizo la lugha. Sheria ya Marekani haikuibana Toyota kwa magari yaliyouzwa Japani kwenyewe. Gari la miaka ya 1990 lililokuja kwetu halikuwa na lazima ya kuzungumza OBD-II. Hata mengi ya baadaye kidogo yana tundu lile lile la pini 16 lakini yanaongea lahaja yao, ndiyo maana kile kifaa cha bei rahisi unachounganisha na simu wakati mwingine kinakaa kimya kabisa. Nani alikuwa na kitabu cha Kijapani Ilala, au kule Grogan, Nairobi?

Mafundi walijisomesha wenyewe. Fungua boneti ya Corolla au Mark II ya miaka ile, utakuta kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna pini zenye majina, mojawapo TE1, nyingine E1. Unaziunganisha kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, kisha unakaa kwenye kiti na kuhesabu. Taa ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara moja, hiyo ni 21: sensa ya oksijeni. Mbili na mbili, 22: sensa ya joto la maji. Yule mzee wa Shauri Moyo ana orodha hiyo kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, karatasi zimelowa grisi. Kwangu mimi daftari lile ni waraka wa historia kuliko hotuba nyingi zilizohifadhiwa maktaba.

Lakini sio kila mtu aliandika daftari. Wengi walijifunza njia ya mkato, na hapa ndipo hela zenu zinapopotelea. Mashine inasoma P0420, maana yake masega hayasafishi inavyotakiwa. Fundi anakata masega, anaunga bomba tupu. Kwa bei gani aliyauza, huambiwi. Ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na rodiamu peke yake ilivuka dola 20,000 kwa aunsi mwaka 2021. Au mashine inasoma P0171, kwamba hewa imezidi petroli. Fundi anasema sensa, mnabadili sensa, taa inarudi. Anasema sensa nyingine, mnabadili, inarudi. Huyo hatengenezi, anapiga ramli. P0171 inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka wa bei ya soda, pampu ya petroli iliyochoka, au uchafu kwenye sensa inayopima hewa. Namba haisemi ubadili nini. Inasema mgonjwa ana homa. Na sisi tunaijua vizuri habari ya homa: kwa miaka mingi kila homa ilikuwa malaria, dawa kwanza, mpaka mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliposema kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kutibiwa.

Fundi wa kweli utamjua kwa anachofanya baada ya mashine. Anakuuliza lilianza lini, asubuhi au likiwa na moto, kabla au baada ya kujaza mafuta. Plagi na koili ya silinda namba moja anaihamishia namba mbili, kisha anaangalia kama P0301 inageuka P0302. Ikigeuka, amekamata mwizi bila kukununulisha kitu. Isipogeuka, anajua atafute penginepo. Ni mchezo ule ule wa kuchomoa nyaya za plagi. Na hafuti kosa kwa kuchomoa betri halafu akakwambia tayari. Kwenye magari ya OBD-II ukifuta hivyo, kompyuta inabaki na alama kwamba haijamaliza kujipima, na mwenye mashine nzuri ataiona.

Kuna kisa kimoja bado. Shushushu naye anaweza kuhongwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walichapisha vipimo vya magari ya dizeli waliyoyapima yakiwa barabarani, si maabara, na Volkswagen zikaonekana zinatema gesi za naitrojeni mara nyingi zaidi ya kiwango. Bodi ya California, ile ile ya Haagen-Smit, ikaendelea kuhoji. Septemba 2015 ukweli ukatangazwa: kompyuta zilifundishwa kutambua zinapopimwa na kujifanya wema muda huo tu. Magari kama milioni 11 duniani. Taa haikuwaka hata kwenye moja kwa kosa hilo, maana aliyekuwa anaharibu ndiye aliyeandika sheria za kuwasha taa.

Na ule ugomvi wa nani anajua haukuisha mwaka 1996. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walipitisha kwa kishindo sheria ya haki ya kutengeneza gari popote. Kufikia 2020 taarifa za injini zilikuwa zinatoka garini hewani, moja kwa moja kwenda kwa kampuni, bila kupita kwenye tundu la pini 16. Wakapiga kura tena Novemba mwaka huo, wakataka njia hiyo nayo ifunguliwe kwa mafundi wa kawaida, na mwezi huo huo umoja wa makampuni ukaenda mahakamani kupinga. Magari ya mwaka ule ndiyo yanayoshuka sasa Mombasa na Dar kama mitumba.